Mswada Usiorekebishwa

Rafiki yangu mmoja, karani wa mahakama, alijiona mwandishi kuliko waandishi wote. Riwaya yake niliisoma. Ilikuwa pumba tupu. Shemeji yake, mwalimu mstaafu, alipomshauri aipitie upya, rafiki yangu alimcheka.

"Kurekebisha ni kazi ya wasio na kipaji, shemeji."

Mchana mmoja aliupeleka mswada dukani kutolewa nakala. Mwenye duka alimwingiza chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akauweka kando ya mashine. Kabla hajaanza kazi, umeme ukakatika, mwenye duka akatoka. Giza likawa totoro. Hapo rafiki yangu akasikia kalamu ikikwaruza karatasi taratibu, kisha ukurasa ukifunuliwa, kisha kalamu tena.

"Dada, nani amekuruhusu kuchorachora kazi yangu?" aliuliza kwa dharau.

"Mimi niko huku nje, kaka, nawasha jenereta," mwenye duka alijibu kwa mbali.

Kalamu haikusimama mpaka taa zilipowaka. Chumbani alikuwa peke yake. Kila mstari ulikuwa umekatwa, na juu yake umeandikwa mwingine, mzuri kuliko wake. Hilo alinikiria kwa uchungu. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, na wino ulikuwa bado mbichi.