Keki ya Boga Ni Rahisi Tu

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Kidoti huwa peke yake na maboga. Huyamenya, huyakata vipande, huyachemsha mpaka yalainike, huyaponda, kisha huumimina ule uji wa rangi ya chungwa kwenye chujio lililotandikwa kitambaa cheupe. Maji yakianza kuchuruzika, naye huanza kuvunja mayai. Asubuhi ile miti ya barabarani ilikuwa imeanza kupukutisha majani, ubaridi wa msimu ulipenya chini ya mlango, na jikoni kulinukia mdalasini. Alikuwa amevaa gauni la kijani na aproni iliyopauka kwa kufuliwa, na kidoti cheusi cha shavuni kilichompa jina la utani kilikuwa kimefunikwa na unga.

Pah!

Taa ya oveni ikazimika. Ndani kulikuwa na keki zilizoanza tu kuumuka.

"Shangazi!"

"Nini tena?" Shangazi alikuwa mbele, kwenye kaunta, anafungua mlango. Duka lilikuwa lake, na ndiye aliyemlea Kidoti tangu akiwa mdogo.

"Oveni imekufa!"

Foleni ilikuwa imefika hadi nje. Msimu kama ule kila mtu hutaka keki ya boga, na hakuna mwenye subira. Mzee mmoja aliyevaa koti alipaza sauti, "Kama hakuna keki mtuambie, tusisimame kwenye baridi kama nguzo!"

"Samahani, mama," sauti ikatoka nyuma yake. "Mimi ni fundi umeme. Naweza kuitazama."

Alikuwa kijana mrefu, ovaroli la bluu, bisibisi imechomoza mfukoni. Shangazi akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na macho yakagotea miguuni.

"Vua viatu. Jikoni kwangu tope haliingii."

Fundi akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje kinachungulia. Kidoti akauma mdomo asicheke.

"Cheka tu, dada. Hata mimi kikinichungulia hivi huwa nacheka."

Alisogeza oveni, akajipenyeza nyuma yake, akakata waya ulioungua na kuunganisha mwingine. Taa ikawaka. Kidoti akapumua.

"Imepona!"

"Usiseme hivyo," Fundi alisema. "Mimi sisemi kitu kimepona mpaka nikione kimefanya kazi. Ngoja keki ziive."

Akasubiri kwa soksi zake. Keki zilipotoka, Kidoti alimkatia kipande kinene. Fundi aliuma, akafumba macho, akasema mdomo umejaa, "Sasa imepona."

Tangu siku hiyo Fundi akawa hapiti mtaa ule bila kuingia dukani. Mara anaangalia swichi, mara balbu, mara anasikiliza jokofu kama daktari. Jioni simu ya Kidoti ilikuwa ikilia.

"Malkia wa Maboga, umeshindaje?"

"Salama, Bwana Waya. Wewe?"

"Nimeshinda juu ya ngazi nawaza mtu."

"Angalia usianguke."

"Nimeshaanguka zamani."

Kidoti hucheka, halafu hukosa la kusema. Ndivyo alivyoumbwa. Maneno yakimzidi, hukata keki. Walitembea pamoja mara nyingi, Kidoti na sweta lake la manjano, Fundi na shati lake la mistari. Walishikana mikono kwenye zebra wakivuka, wakasahau kuachiana walipofika ng'ambo. Lakini neno lenyewe hakuna aliyelisema.

Kisha jioni moja Fundi akasema kwenye simu, "Nifundishe kuoka keki yako ya boga."

"Ya nini? Si unakula hapa kila siku?"

"Nataka niioke kwa mikono yangu. Jumamosi kuna mtu nataka nimpelekee." Akacheka kidogo. "Mwanamke mmoja hivi. Ukimpelekea ya kununua, umekwisha. Huyo ukimkosea hakuna wa kukuokoa."

Lau Kidoti angesikiliza vizuri, angesikia hofu ndani ya kile kicheko. Lakini alisikia kicheko tu, na neno mwanamke.

Angeweza kuuliza, Mwanamke gani? Mwingine yeyote angeuliza. Tatizo ni kwamba alikuwa amekulia katika duka lenye amri moja. Zamani Shangazi alimwuliza mteja wake mzuri, "Na hii leo ni ya yule yule wa wiki jana?" kumbe mke wa mteja amesimama nyuma kwenye foleni, na wa wiki jana hakuwa yeye. Keki iliruka ikatua ukutani. Tangu hapo Shangazi akaweka sheria: keki haiulizwi inakwenda kwa nani. Kidoti alikuwa ameitii tangu utotoni, kama watoto wengine wanavyokatazwa kuchezea moto.

Basi hakuuliza. Alimeza mate, akasema, "Ni rahisi tu."

"Nakusikiliza, mwalimu."

"Chemsha boga, liponde. Piga mayai na sukari na mafuta. Weka boga. Chekecha unga, beking pauda, mdalasini, tangawizi kidogo. Changanya, usikoroge sana. Paka bati mafuta, oka."

Kati ya kuponda na kupiga mayai palikuwa na hatua moja, ile ya chujio na kitambaa. Ilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi wake. Akaimeza.

"Hivyo tu?" Fundi alishangaa.

"Hivyo tu."

Siku ya pili simu ililia mapema kuliko kawaida.

"Malkia, imedidimia katikati kama bonde."

"Labda ulifungua oveni mapema."

"Sikuifungua! Nimekaa mbele yake kama mlinzi."

"Basi sijui."

Siku ya tatu: "Juu imeungua, ndani ni uji. Nimeweka kijiti kikarudi kimelowa."

"Punguza moto."

"Nimepunguza! Nimeipima oveni, haina kosa. Kosa liko wapi?"

"Si mimi niliyeoka."

"Mbona unanijibu kama karani anayetaka kufunga dirisha?"

"Nimechoka. Kwaheri."

Alikata simu, kisha akaitazama kwa hasira kana kwamba yenyewe ndiyo imemkatia. Alijichukia, na alimchukia zaidi yule mwanamke asiyemjua, aliyekuwa mahali fulani anasubiri kuletewa keki. Alimwona waziwazi: mrefu, mwenye midomo ya rangi, anayejua la kusema kila anapoulizwa. Jikoni akapiga mayai mpaka Shangazi akaja kusimama mlangoni.

"Mwanangu, hayo mayai yamekutukana?"

"Hapana, Shangazi."

"Na yule fundi mbona siku hizi haonekani?"

"Ana shughuli zake."

"Mmegombana?"

"Hatuna cha kugombania."

"Hm," Shangazi aliguna. "Mtu asiye na cha kugombania hapigi mayai hivyo."

Jumamosi mchana, duka limejaa, simu ikalia tena. Kidoti alijibana kwenye kona ya magunia ya unga.

"Ya tatu nayo imelala," Fundi alisema. Hakuwa na utani hata chembe. "Nimeshindwa. Mtu mzima nashindwa na boga. Naona niache tu."

"Uache keki?"

"Niache jambo lenyewe lote. Pengine ni dalili kwamba haliwezekani. Samahani nimekusumbua."

Simu ikakatika.

Kidoti alikuwa ameshinda. Yule mwanamke hatapata keki. Akangoja furaha ije, haikuja. Kilichokuja ni sura ya Fundi amekaa mbele ya oveni kama mlinzi, anaamini kila neno aliloambiwa. Akachota boga lililokwisha kuchujwa, akalitia kwenye kopo lenye kifuniko, akavua aproni.

"Unakwenda wapi na foleni yote hii?" Shangazi akauliza.

"Kurekebisha kitu."

Fundi aliishi na dada yake mkubwa kwenye jengo la ghorofa, juu kabisa, mahali ambapo lifti ilikuwa imeharibika na fundi wa kuitengeneza alikuwa anahangaika na maboga. Kidoti alifika juu anahema. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mnene mwenye sare nyeupe ya unesi, ametoka zamu, viatu mkononi.

"Wifi!" alipiga kelele. "Jamani wifi, karibu! Hatimaye nakuona kwa macho yangu!"

Kidoti akageuka nyuma kutazama nani anayeitwa. Ngazini hapakuwa na mtu.

"Umeniita nani?"

"Wifi. Si ndiyo wewe wa dukani, mwenye kidoti hapa?" Nesi alinyoosha kidole, kisha mkono ukaishia hewani. Akafunika mdomo. "Mungu wangu. Hajakuambia?"

"Hajaniambia nini?"

"Wewe!" Nesi akageukia ndani. "Njoo hapa, mwanamume mzima! Njoo uone ulichofanya!"

Fundi akatokea jikoni, fulana imelowa jasho, unga hadi kwenye nyusi. Nyuma yake, mezani, keki zilikuwa zimejipanga zimebonyea kama matofali yaliyonyeshewa mvua.

Kidoti alisikia swali likimpanda kooni. Safari hii hakulimeza.

"Keki ilikuwa ya nani?"

"Ya shangazi yako."

"Ya shangazi yangu?"

"Nilitaka niende kwake leo, nimweleze nia yangu. Sasa nyumba ya mwoka keki utaingiaje mikono mitupu? Na keki utainunua wapi, kwake mwenyewe? Angenicheka mpaka mlangoni."

"Nia gani?"

"Aa, si unajua."

"Sijui."

"Dada anajua."

"Dada anajua!" Sauti ya Kidoti ilipanda hadi yeye mwenyewe akashtuka. "Na nani mwingine?"

Fundi akakuna kichwa, unga ukadondoka. "Mafundi wenzangu."

"Nani mwingine?"

"Muuza mayai. Aliniuliza mbona nanunua mengi."

"Kwa hiyo muuza mayai anajua, mimi sijui!"

"Nilitaka kwanza nijue kama shangazi yako atakubali. Kusema kitu kabla sijaona kama—"

"Mimi si oveni!"

Nesi aliangalia dari. "Nakwenda kuoga," alisema, akajifungia bafuni. Maji hayakusikika yakifunguliwa.

Kidoti akaweka kopo mezani kwa kishindo. "Na mimi nina langu. Boga huchujwa."

"Nini?"

"Ukishaliponda, unaliacha kwenye chujio mpaka litoke maji. Usipolichuja keki hailali bure, inalala kwa sababu imebeba maji. Sikukuambia."

"Ulisahau."

"Sikusahau."

Fundi alimtazama, kisha akazitazama keki, kisha akamtazama tena. Uso ulimbadilika taratibu.

"Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima nimejiona mjinga. Nimefungua oveni yote, nimetoa hadi skrubu, natafuta kosa. Nimemgombeza dada kwamba anatembea kwa kishindo! Na wewe unajua. Unaniambia punguza moto, na unajua!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Kidoti akatazama chini.

"Usitazame chini. Mimi pia nimechoka kubahatisha. Ukifurahi unanikatia kipande kikubwa. Ukikasirika unanikatia kipande kikubwa. Ukihuzunika, kipande kikubwa! Nitajuaje kilichomo moyoni mwako? Nimenenepa tu, sijajua kitu."

Alitaka kucheka, lakini machozi yalikuwa karibu zaidi. "Kwani wewe ulisema? Kunisemea kwa muuza mayai ndiyo kusema?"

"Basi nasema." Fundi alijifuta mikono kwenye fulana, ikawa michafu zaidi. "Sina keki. Sina hata shati safi. Shangazi yako sijamwona, na pengine atanifukuza. Nataka kukuoa. Wewe, si shangazi yako. Haya. Nimemaliza. Sasa niambie kwa nini umeniharibia keki tatu."

Masikio ya Kidoti yaliwaka moto, na miguu ilitaka kurudi ngazini. Angeweza kusema samahani akaondoka. Angeweza kusema, lete mayai, tuoke nyingine. Mikono yake ilikuwa tayari imeshika kifuniko cha kopo. Akakiachia.

"Uliniambia kuna mwanamke," alisema. "Nikaona unamwokea yeye, unacheka kwa ajili yake. Nikataka keki yako idode. Nikataka akuone hufai, akurudishe."

"Anirudishe wapi?"

"Kwangu!" Ilitoka kwa nguvu, kama kitu kilichokuwa kimekwama. "Sijui kusema maneno, lakini usijifanye huelewi. Nakupenda. Nimekukasirikia wiki nzima, nimejikasirikia mimi, nimeyakasirikia hata mayai, na yote ni kwa sababu nakupenda!"