Redio ya Darasa Yanyeshewa

Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi alasiri, watu wazima wa kijiji kimoja huko Kenyamonta walikusanyika uani kwa Bibi Agustina kusikiliza masomo ya redio. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zake zimepangwa mistari, na redio ya darasa ilikuwa moja tu. Bibi Agustina ndiye aliyekabidhiwa, maana hakuna aliyewahi kumwona akipoteza hata sindano. Aliifunika kwa kitambaa safi, na kabla ya kuiwasha alinawa mikono. Robi, mjukuu wake wa darasa la tano, aliruhusiwa kuifuta vumbi tu.

Jumatatu moja Bibi alikwenda kulima shamba la kijiji. Robi akatumwa kuamia ndege kwenye mtama, kazi ya kupiga debe na kelele mpaka sauti ikauke. Siku hiyo akajiona mjanja: kwa nini redio isipige kelele badala yake? Akaibeba, akaitua juu ya kichuguu na kuifungulia sauti mpaka mwisho. Ndege walihama kweli. Robi akajilaza kibandani, usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na mvua kubwa. Alipoifikia redio ilikuwa imelowa chapachapa, imenyamaza. Aliifuta kwa gauni, akairudisha mahali pake na kufunga mdomo.

Kesho yake darasa lilipokutana, Bibi alizungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena, kimya. Watu wakatazamana, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Jioni Bibi hakula, na Robi naye hakumaliza ugali wake.

Jumatano asubuhi akatokea Nyangwine, mchuuzi wa redio kutoka upande wa Sirari, baiskeli yake imesheheni. Habari alikuwa amezipata njiani.

"Shikamoo, mama yangu mzazi!" alisema, ingawa hawakuwa na undugu wowote. Akaichukua redio, akaitikisa sikioni kama anayechagua yai. "Hii kwisha kabisa, mama! Ni uzee. Nipe yule mtamba aliye zizini, nikuachie redio mpya, na hili kopo nikusaidie kulibeba."

"Mtamba wangu amebakiza miezi miwili azae," alisema Bibi.

"Na darasa je? Watu watasema Agustina ameua redio ya kijiji! Amua sasa hivi, mama. Mimi mchana sipo hapa, kuna mtu ananingoja Tarime."

Bibi aliinamisha kichwa. Kitu cha watu kuharibikia mikononi mwake kilimuuma kuliko kumpoteza ng'ombe. "Haya, mfunge," alisema kwa sauti ndogo.

Nyangwine akachomoa kamba mfukoni. Kumbe alikuja nayo! Robi alipoiona ikipita shingoni mwa mtamba, hakuweza tena kuvumilia.

"Bibi, si uzee! Ni mimi! Niliipeleka shambani iamie ndege, ikanyeshewa."

Akafumba macho kungoja kofi. Halikuja.

"Lini?" Bibi aliuliza.

"Juzi."

"Ilianguka?"

"Hapana, Bibi. Ni maji tu."

"Maji ndiyo mabaya zaidi!" Nyangwine alidakia.

"Sasa hivi umeniambia ni uzee. Uliifungua ukaona ndani?"

"Aa, mama, mimi fundi. Naona kwa nje."

"Basi na mimi nitaona kwa ndani. Mfungue mtamba wangu."

Nyangwine aliongeza betri mpya, akaongeza kitambaa cha kichwa, akabembeleza, akanuna. Bibi alisimama langoni mwa zizi akimngoja atoke. Mwishowe alitoka, akisukuma baiskeli na kunung'unika. Robi hakuwahi kumpenda bibi yake kama alivyompenda wakati ule.

Bibi akafungua redio kwa ncha ya kisu, akatoa betri na kufuta kutu kwenye vyuma. Kisha akailaza kwenye ungo, juu ya uchanja, kivulini penye upepo.

"Kwa nini usiianike juani, Bibi?"

"Mbegu ya wimbi ukiianika kwenye jua kali inakufa. Na hii plastiki itajikunja. Tungoje, wala asiiwashe mtu. Jana niliiwasha ikiwa na maji kwa sababu sikuambiwa."

Kila jioni aliuingiza ungo ndani kuukwepa umande. Ijumaa darasa lilipokuja, Robi alisimama mbele ya wazee akasema kosa lake mwenyewe, machozi yakimtoka. Jumanne Bibi alitia betri, akazungusha kitufe. Redio ilikwaruza, ikakohoa, kisha sauti ya mtangazaji ikatoka wazi. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka nusu ya somo haikusikika.

Watu walipotawanyika, Bibi alimketisha Robi kando yake.

"Kuficha kwamba redio imelowa kulikuwa kosa kubwa kuliko kuilowesha," alisema. "Maji niliyaweza mara tu nilipoambiwa ni maji. Lakini nami nina langu. Yule bwana hakunishinda kwa redio yake. Alinitisha kwamba watu watasema, nami nikakubali kutoa mtamba ili wasiseme. Wewe ulinyamaza kwa kuwaogopa watu, nami kidogo nimtoe ng'ombe kwa kuwaogopa haohao. Ijumaa ulisimama mbele yao ukasema. Umenitangulia, mjukuu wangu."