Mwonjaji wa Kwanza

Jua lilikuwa linazama Mlafi na mkewe walipotoka nyumbani, na ingekuwa hiari yake, Mlafi angegeuza njia arudi kulala. Walikuwa wakienda mkahawa mpya wa tatu wiki hiyo. Mji mzima ulikuwa umeshikwa na homa ya mikahawa: ukifumba jicho, mtu amepanga viti vya plastiki, ametundika taa za rangi na kuandika "Karibuni" mlangoni. Kazi ya Mlafi ilikuwa kuzunguka, kula, kisha kusimulia redioni kila Jumamosi watu waende wapi na wapi wasijisumbue. Jina hilo alipewa na wasikilizaji wake. Maskini, laiti wangejua.

Ulimi wake ulikuwa umekufa. Homa ilimlaza mwaka uliopita. Akapona yeye, ulimi haukupona. Wali, sabuni, karatasi, kwake vyote vilikuwa kitu kimoja. Redioni hakuthubutu kusema, maana mwonjaji asiyeonja ataajiriwa na nani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mkewe, fundi cherehani, ambaye kila jioni alifunika mashine yake, akanyoosha mgongo na kumfuata. Yeye ndiye aliyeonja kwanza. Chakula kikiwa kizuri, alimkanyaga mumewe taratibu chini ya meza. Kikiwa kibaya, alimkanyaga kwa nguvu. Mlafi akatikisa kichwa kama mjuzi, na riziki ya nyumba ikapatikana.

"Leo ndiyo mwisho, mume wangu," fundi alisema njiani. "Miguu imenivimba kama andazi."

"Ndiyo mwisho, mama. Kesho tunalala tu."

Mkahawa wenyewe ulibanwa kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta mrefu. Ulikuwa safi. Taa zinawaka, meza zimefutwa, watu wamekaa wawili wawili wanatafuna kimya. Mkewe alisita mlangoni, akanusa.

"Unasikia harufu?" akanong'ona.

"Mimi tena? Harufu ya nini?"

"Hakuna... Jiko linawaka, sufuria zinachemka, na hakuna harufu ya kitu chochote."

Wangegeuka palepale. Lakini mtu aliyechoka akishaona kiti, akili yake yote hukaa kwanza. Wakakaa.

Mhudumu alikuja bila kuitwa, mwanamke mwembamba asiye na haraka. Aliweka sahani moja ya wali na mchuzi. Kijiko kimoja. Kisha akainama katikati yao, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani anaonja kwanza?"

Hawakuwahi kuulizwa hivyo popote. Hakuna aliyejua mambo yao.

"Mimi," fundi akajibu, kwa mazoea tu.

Akaonja.

Chini ya meza, mguu ukamkanyaga Mlafi. Taratibu. Kizuri, basi. Akashusha pumzi. Ukamkanyaga tena, taratibu... Na tena... Na tena...

"Nimesikia, mama," akanong'ona akitabasamu. "Kumbe kitamu kiasi hicho?"

Akainua macho. Mkewe alikuwa analia. Kijiko kilikuwa kimemganda mkononi, naye alikuwa akitikisa kichwa: hapana, hapana. Miguu yake iliyovimba alikuwa ameikunja juu ya kiti. Viatu alivivua tangu walipokaa.

Mguu ukamkanyaga tena.

Ulikuwa peku. Ulikuwa wa baridi, baridi iliyompenya hadi kwenye mifupa ya vidole.

Na watu wote mle ndani walikuwa wameacha kutafuna.

Namna walivyotoka hawakuikumbuka vizuri. Walijikuta barabarani, fundi peku, viatu vimebaki kulekule.

"Ulionja nini?" Mlafi aliuliza, akihema.

"Sijui. Nilimeza... lakini nilihisi kama kuna kitu kinanitoka."

Asubuhi Mlafi alipiga funda la kwanza la chai, akaruka. Sukari! Tangawizi! Alicheka peke yake kama mwendawazimu, akakimbilia uani kumwita mkewe. Alimkuta ameinamia kikombe chake.

"Nimetia sukari," fundi alisema polepole. "Halafu nikatia chumvi, nione. Ni maji tu, mume wangu."

Furaha ikamkauka kinywani. Aliona aibu, kama mtu aliyekutwa na mwenye shati, naye kalivaa. Mwanamke huyu alimbeba mwaka mzima, na haya ndiyo malipo.

"Tunarudi," akasema. "Safari hii naonja kwanza mimi. Kilicho chako kikurudie."

Walirudi jioni. Mlango ulikuwa na kufuli lililoota kutu, na buibui walikuwa wamejenga juu yake. Fundi viatu alikuwa anakusanya misumari yake.

"Mzee, huu mkahawa umefungwa lini?"

"Haujawahi kufunguliwa, mwanangu. Hapa nimezeekea." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Lakini hamko peke yenu. Huja wawili wawili. Mmoja anabembeleza mlango, mwenzake amenyamaza kama mama huyu."

"Na wakishaubembeleza?"

Mzee akafunga sanduku lake. "Giza linaingia. Nendeni nyumbani."

Wakaenda. Walikuwa wamechoka hata kugombana wasiweze. Jumamosi ilikuwa inakuja, na Mlafi aliapa kwamba redioni ataiacha kazi, hata walale njaa. Jioni hiyo alipika mwenyewe, maharage na kitunguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Alichemsha maji ya kukanda miguu, akamwandalia mkewe beseni. Fundi alikataa.

"Anza wewe. Umetembea kuliko mimi."

Basi akaweka beseni kando ya kiti chake, akatumbukiza miguu, akaonja maharage. Yalikuwa matamu. Alitamani mkewe ajue, ajue tu kwamba yeye sasa ndiye ulimi wa nyumba hii na hatamwacha. Alikuwa bado anatafuta maneno, fundi alipotabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Nimeelewa, mume wangu. Ni kitamu."

"Umeelewaje?"

"Si unanikanyaga?" Akafumba macho kwa uchovu. "Ila taratibu, miguu inaniuma. Na mguu wako mbona wa baridi hivyo?"

Mlafi akatazama chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni, na maji yalikuwa bado yanatoa mvuke.