Upande wa Pili wa Kioo

"Chukua mkoba wako. Hiyo kompyuta usiiguse tena."

Maneno hayo aliambiwa mjukuu wangu asubuhi, mbele ya ofisi nzima, kabla hata hajakaa.

Aliyeyasema ni bosi wao, wenyewe humwita Mhasibu, mwanaume wa sauti ya chini ambaye huvua miwani akikasirika. Asubuhi hiyo miwani ilikuwa mkononi.

Mjukuu wangu hakumtazama yeye. Alimtazama shoga yake aliyekaa meza ya pili, rafiki wa miaka mingi, ndiye aliyemwingiza kazini. Neno moja tu kutoka kwake...

Shoga yake akainamia kikombe. Akawa anakoroga chai. Na mjukuu wangu anajua vizuri kwamba yule hatii sukari.

Wapendwa, mnaonisoma hapa mnanijua, mimi si mtu wa kuwapandisha presha. Lakini hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwenyewe ameniruhusu niliseme, mradi nisitaje majina. Basi twende taratibu.

Mtaani mjukuu wangu wanamwita Noti. Alifanya kazi benki miaka mingi, dirishani, nyuma ya kioo, akipokea pesa za watu na kuwapa pesa zao. Wazee walikuwa wanaacha madirisha mengine matupu wanapanga foleni kwake. Alikuwa akiwasomea karatasi zao bila kuwaonyesha kwamba ameshagundua hawajui kusoma.

Kisha simu zikachukua kazi. Watu wakawa wanatuma na kupokea pesa wakiwa wamelala kitandani. Madirisha yakafungwa moja moja, mpaka na lake likafungwa.

Mtaani wakapata utani mpya.

"Noti, vipi? Bado unapokelewa madukani?"

Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa anapita njia ya nyuma.

Alitafuta kazi mpaka visigino vya viatu vikaisha. Kila alipokwenda waliangalia umri wake, wakaangalia ile kazi ya dirishani, wakamrudishia karatasi zake kwa heshima. Heshima nayo inachosha, wanangu.

Aliyemtoa shimoni ni huyo huyo shoga yake.

Yeye tunamwita Kalamu, kwa sababu kalamu haitoki kwenye nywele zake, hata harusini anakwenda nayo. Walianza benki pamoja. Yeye aliwahi kuondoka, akaingia kwenye kazi ya uhasibu katika kampuni moja inayouza rangi za nyumba. Siku aliposikia wanatafuta karani wa hesabu, nafasi ya chini kabisa, mshahara wa kuanzia, alimpigania Noti kama ndugu wa tumbo moja. Alimwambia Mhasibu kwamba akimnyima huyu nafasi, amfukuze na yeye.

Nalisema hili mapema. Mtakapotaka kumchukia Kalamu, mkumbuke na hili.

Noti akapewa miezi ya majaribio. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, anarudi nyumbani, na huku nyumbani tulikuwa tumeshauza friji.

Ofisi yenyewe iko juu ya stoo. Harufu ya rangi inapanda ngazi kabla yako. Kazi yake ilikuwa hii: maduka yakilipia rangi yaliyochukua, yeye anaandika kwenye kompyuta. Jioni Kalamu anakagua na kupitisha. Akiona kosa, sheria ya pale ni kwamba anayekagua haandiki. Anamrudishia mwenyewe akarekebishe.

Mtasema, kazi rahisi hiyo kwa mtu aliyetoka benki.

Hapo hapo ndipo palipomvunja.

Mimi darasa langu ni dogo, lakini alivyonieleza ni hivi. Mteja akipeleka pesa benki, benki inaandika krediti, kwa kuwa imeshika mali ya mtu. Lakini kwenye vitabu vya hesabu vya mteja mwenyewe, pesa ile ile inaandikwa debiti. Pesa ni moja, ila mmoja yuko ndani ya kioo na mwingine yuko nje. Noti alikuwa amekaa ndani miaka yote. Sasa amehamia nje, na mkono wake haukuambiwa kwamba wamehama.

Wiki ya kwanza Mhasibu alimkamata. Akavua miwani. Akasema mtu wa benki asiyejua debiti ilipo ni kama dereva asiyejua kulia kwake. Ofisi ikacheka. Akaongeza kwamba likitokea tena, majaribio yameisha.

Halikutokea tena.

Kila jioni Kalamu anapitisha, kila asubuhi kimya, hakuna karatasi iliyorudi. Noti akaamini ameelewa. Akaanza kuimba jikoni, yeye ambaye sauti yake ni ya kufukuzia kuku. Mimi nilimwacha aimbe.

Miezi ya majaribio ikakaribia kuisha.

Jumapili moja mchana tumekaa mezani, akataka kunieleza kazi yake, maana nilikuwa namuuliza kila siku. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtoto. Tukafanya mchezo. Yeye benki, mimi kampuni ya rangi, na kikombe changu cha chai kikawa pesa za duka. Nikamsukumia kikombe anitunzie, mimi mwenye kampuni. Akaanza kueleza kwa haraka ile ya mtu mwenye uhakika...

Katikati akakwama.

Akarudia tangu mwanzo. Akakwama pale pale.

Sikujua tatizo ni nini. Nilichoona ni kwamba anaitazama ile pesa yangu kama yake. Nikamwambia, "Hama hapo. Njoo ukae upande wangu."

Akabeba kiti, akazunguka meza, akakaa ubavuni mwangu. Akapatazama pale alipotoka, kana kwamba kuna kioo kimesimamishwa katikati ya meza.

"Bibi," akasema, "nimekuwa nikiandika kichwa chini, debiti penye krediti. Zote. Tangu nilipokemewa mpaka leo."

Uso ulikuwa umemshuka. Kama zote ni kichwa chini, kwa nini hakuna aliyeona? Nikamwambia amweleze Kalamu kesho yake. Akakataa. Alisema Kalamu ndiye aliyemdhamini, atamtazama vipi na kumwambia kwamba mtu uliyemdhamini alikuwa anabahatisha? Aliona heri anyamaze, aandike sawa kuanzia Jumatatu, na yaliyopita Mungu ayasitiri.

Wapendwa, akafanya hivyo hivyo. Wiki nzima. Kabla ya kuandika lolote alikuwa anajiuliza kimoyomoyo, niko upande gani wa kioo? Kisha ndiyo anaandika.

Ijumaa alirudi na maziwa na mkate mpya, akaniambia kichwa chake kimekuwa chepesi kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Safari hii hakuimba. Alikaa tu, ametulia. Mtu aliyejua jambo kwa kweli hana kelele.

Jumatatu ndiyo ile asubuhi niliyowaanzia.

Alikuta ofisini mteja wao wa siku nyingi, mwenye duka, ameshika karatasi ya madai. Amelipa deni lake, lakini badala ya kufutika limekuwa maradufu. Simu nazo zinaita, maduka mengine yanalia kilio hicho hicho.

Noti akajua arobaini zake zimefika. Akakiri pale pale, mbele ya watu. Akasema ni makosa ya nyuma, ya miezi ya mwanzo, ameshajua yalipo na anaomba ayarekebishe.

Mhasibu akamtazama kama anayemwonea huruma.

"Ya nyuma yako sawa yote," akasema. "Miezi yote umeandika sawa. Wiki iliyopita ndiyo umeandika kichwa chini."

"Wiki iliyopita?"

"Njoo usome. Jina hapa ni la nani?"

Jina lilikuwa lake.

Ndipo alipoambiwa achukue mkoba. Ndipo alipomtazama Kalamu. Ndipo Kalamu alipokoroga chai isiyo na sukari.

Getini alisimama juani na mkoba wake, hajui aelekee wapi. Mlinzi, mtu ambaye hawajawahi kuzungumza zaidi ya habari ya asubuhi, alinyanyuka akampa stuli yake, akasimama pembeni kumkinga jua kwa mgongo wake. Sijamwona mlinzi huyo, lakini namwombea kila siku.

Nyumbani hakulia. Ningependa angelia.

Aliniambia tu, "Bibi, nilipokosea wanasema nilipatia. Nilipopatia wanasema nimekosea. Sijui tena kulia kwangu ni wapi."

Kuanzia hapo mtu akazimika. Nikimtuma dukani, anarudi na chenji kwenye kiganja anataka niitazame mimi kama iko sawa. Yule aliyeshika pesa za mji mzima. Nafasi ya karani ilitangazwa kwenye kiwanda cha magodoro, jirani akatuletea habari mwenyewe, mlangoni, na mvua inanyesha. Noti akashukuru, akafunga mlango. Alisema hawezi kwenda kuharibu vitabu vya watu.

Kazi mtu akifukuzwa hutafuta nyingine. Lakini ukimfukuza mtu kwenye akili yake mwenyewe, atahamia wapi?

Kalamu hakupiga simu. Hakutuma hata salamu. Nami, niseme kweli, nilikuwa nimeshaanza kumtoa kwenye dua zangu.

Akaja mwenyewe, alasiri moja, bila kuitwa. Sikumtambua mara moja, kwa sababu nywele zilikuwa hazina kalamu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na viatu mkononi kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

"Nilikuwa nageuza mimi," akasema.

Noti alikuwa mezani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Kalamu akaeleza, na maneno yalikuwa yanamtoka vipande vipande. Jioni ile ile baada ya Noti kukemewa, alifungua kazi yake akakuta iko kichwa chini tena. Hakushangaa. Yeye mwenyewe alipotoka benki aliandika hivyo hivyo, akalia chooni. Sheria ilimtaka amrudishie. Lakini ikirudishwa, Mhasibu anaiona, na Noti ndiyo kwaheri. Basi akamgeuzia. Kuna kitufe kimoja kinachogeuza ukurasa wote. Kesho yake akageuza tena. Na tena. Kila siku anasema leo nitamwambia, kisha anamwona Noti anaimba, anakosa mdomo wa kumwambia.

Wiki ile ya mwisho ilikuwa mwisho wa mwezi, kazi zimewafika shingoni.

"Nilizoea, shoga yangu. Sikuangalia hata moja. Nilibonyeza tu."

Sasa mmeelewa, wapendwa? Mmoja alikuwa anaficha kosa la mwenzake kwa huruma. Mwingine akaficha kwamba amejirekebisha, kwa aibu. Siku Noti alipoandika sawa, mkono wa wema ukapita ukapindua.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakutuambia itakuwaje maradhi yakifichwa na watu wawili, kila mmoja kwa mwenzake.

Kalamu akasema kesho anakwenda kumweleza Mhasibu yote. Alisema hivyo, lakini viatu vilikuwa vinamcheza mkononi. Mumewe yuko kitandani tangu alipoanguka kutoka jengoni, mshahara wa nyumba ile ni huo mmoja. Na anayekagua akigusa kazi ya mwenzake, pale ni kufukuzwa, hakuna mjadala. Kiti cha Noti nacho kilishapata mtu, kijana kutoka chuo. Akisema, watakuwa wawili nje badala ya mmoja, basi.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Mengine si ya mtu wa umri wangu.

Noti akauliza swali moja tu.

"Wiki ile... nilikuwa nimepatia?"

"Zote," Kalamu akasema. "Hakuna hata moja uliyokosea."

Noti akainua kichwa. Alimtazama Kalamu, akaitazama sinia ya mchele, akawa kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Basi usiende," akasema. "Rudi kakae kwenye kiti chako. Una mgonjwa."

Kalamu alilia pale mlangoni mpaka nikamletea maji. Noti hakunyanyuka kumkumbatia. Sitawadanganya. Lakini alimwambia avae viatu, sakafu ina baridi.

Mtaniuliza inboksi kama amepata kazi. Hajapata. Ile ya kiwanda cha magodoro ilishajaa, na kwenye ofisi ya rangi jina lake limebaki kuwa la yule wa benki asiyejua debiti. Ataendelea kuchekwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na ukweli wake tunaujua watu watatu. Na sasa ninyi.

Neno langu ni hili. Ukiona mwenzako anakosea, mwambie angali amekaa kwenye kiti. Itamuuma, atanuna, pengine ataacha kuimba. Lakini usimtengenezee kwa siri kazi ya mikono yake. Ukimtengenezea kwa siri, siku atakayojua hutaijua.

Nawe unayesaidiwa, ukishaelewa jambo, sema. Hata kama umechelewa kuelewa, sema.

Jioni ile Kalamu alipoondoka, Noti alibeba kiti chake akakirudisha upande wa zamani wa meza, akala huko, akaenda kulala.

Asubuhi niliwahi kuamka. Nikakihamisha tena, nikakiweka ubavuni kwangu, nikaweka chai yake hapo.

Alitoka, akakiona.

Alikaa.