Jiwe la Ambrose

Kila asubuhi ya likizo Tamsin alifagia mabua ya ngano yaliyodondoka kutoka paa la nyumba ya bibi yake, kisha akainua macho juu ya mlango. "Hujambo, Ambrose." Ambrose ndiye aliyeijenga nyumba ile ya mawe, akachonga jina lake na mwaka 1684 kwenye jiwe la mlangoni.

Agosti moja bibi huyo, Winifred, fundi mwashi, aliteguka mkono.

"Mjukuu wangu, nizibie nyufa zinazozunguka jiwe la Ambrose. Chokaa na mchanga tu. Kisha funika kwa gunia, ulilowanishe asubuhi na jioni, siku saba."

"Siku saba zote, Bibi?"

"Chokaa haitaki haraka."

Lakini Jumamosi ilikuwa sherehe ya kijiji, na rafiki yake Maud alishafika langoni. "Baki ulee gunia lako," alimcheka, "lisije likalia."

Tamsin aliingia bandani, akachota saruji iliyobaki wakati wa kusimika uzio, maana hiyo hukauka haraka. Aliziba nyufa, akapaka chokaa nyepesi juu yake ili isionekane, akafunika kwa gunia, akaenda zake. Bibi alipokagua wiki iliyofuata alisema, "Una mkono wa fundi." Tamsin akachukua ufagio, akafagia tena kizingiti alichokwisha kukifagia.

Januari ilikuja na baridi kali, Tamsin akiwa tena likizoni kwa Bibi. Asubuhi moja ufagio wake ulikuta vipande vya jiwe kizingitini. Uso wa jiwe ulikuwa umebanduka wote, jina na mwaka. Angeweza kuvifagia pamoja na theluji. Akaviokota, akampelekea Bibi jikoni.

"Ni mimi, Bibi. Niliweka saruji."

Bibi alijaribu kuviunganisha, vikamomonyoka vidoleni mwake.

"Ukuta huu hutoa unyevu kupitia chokaa," alisema. "Ulipoiziba njia, maji yakabaki ndani ya jiwe, yakaganda, yakalipasua."

Hali ya hewa ilipopata joto waliing'oa saruji yote kwa patasi. Tamsin akajaza chokaa, akalilowanisha gunia siku saba bila kukumbushwa. Ukuta ukapona.

"Tumchonge upya, Bibi?"

"Tutachonga herufi, mkono wake hatutaupata. Haraka yako ningeirekebisha Agosti ile ile kwa nusu saa, Tamsin. Ulipoificha ndipo tukampoteza. Kosa lisemwe lingali bichi."

Kesho yake Tamsin alifagia kizingiti, akainua macho kwenye jiwe tupu.

"Nisamehe, Ambrose," alisema.