Bakuli la Mwenzako

— Mwenzako kamaliza sorpoteli?

Mama aliuliza simuni, Vera akajibu bila kupepesa macho:

— Kamaliza, Mama. Kaisifu kweli.

Rozmin, aliyekaa pembeni yake, aliinuka akavuta koti.

Jamani, sorpoteli ni pishi la Wagoa, nyama ya nguruwe! Na Rozmin ni Mwismaili, nguruwe hagusi. Mwaka mzima mama anatuma mabakuli Crescent Town, mtaa wanaoishi wawili hao, mwaka mzima Vera anamwaga. Kiswahili nacho, kisichotofautisha mume na mke, kikamsitiri: mwenzangu, yeye, anakula, amelala. Mama wa watu akadhani anamlisha mkwe wa kiume.

— Hospitalini kwako hata wafagizi wananiita mkeo, Rozmin alisema. Kwa mama yako sina hata jina.

— Nipe muda, Roz.

— Muda wa kumwaga mabakuli mangapi? Nakwenda kwa dada, Thorncliffe.

Mlango ukafungwa. Vera akalala upande wake wa kitanda, ule mwingine hakuthubutu kuugusa.

Vera ni nesi wa hospitali ya watoto, kifuani ana beji ya upinde wa mvua, ishara ya wapendanao wa jinsia moja. Siku iliyofuata Farhat, binti aliyepasuliwa kidole tumbo, aliikodolea macho.

— Sista, nje kuna msichana. Siyo rafiki tu. Ataruhusiwa?

— Hapa anaruhusiwa. Ngoja nimlete.

Farhat akafuta machozi, kisha akaacha Kiingereza, akauliza kwa Kiswahili cha kwao, cha kubabaisha:

— Na wako? Kwenu anaruhusiwa?

Vera alimleta yule msichana, akajifungia chumba cha kubadilishia nguo, akapiga simu.

— Mama, mwenzangu ni mwanamke. Anaitwa Rozmin. Nampenda.

Simu ikakatwa.

Wiki nzima, kimya. Mama hapokei, Rozmin hapokei. Vera alikula mkate mkavu amesimama jikoni, akalia kwa kwikwi, wala hapakuwa na wa kumwambia pole.

Jumamosi ujumbe ukaingia:

“Rozmin ni jina la Kiismaili. Nguruwe hawali wale! Umenifanya nimlishe haramu mtoto wa watu? Sijakusamehe. Kesho napika kuku, mje.”

Vera akamtumia Rozmin ujumbe ule ule. Simu ikaita papo hapo.

— Jina langu kaliandika mwenyewe?

— Mwenyewe.

Rozmin akavuta kamasi.

— Basi osha mabakuli yake yote. Nakuja kukaanga kachori. Chombo cha mama mkwe hakirudi kitupu.