Aliyekaa Nyuma ya Bakoko

Sisi Wakomoro wa Mahajanga babu tunamwita bakoko. Haya yalimfika bakoko wangu mzaa mama, Mchangama, aliyekuwa kuli wa bandarini. Alinisimulia mwenyewe siku zake za mwisho, amelala kwa ubavu, akipumzika kila baada ya maneno machache kama mtu anayepanda ngazi.

Mwaka 1984 mtaa wetu ulikuwa na nyumba nyingi zilizofungwa. Watu wetu walikuwa wameondoka baada ya zile vurugu za mwisho wa 1976, Wakomoro walipouawa ovyo, na wengi hawakurudi. Bakoko alibaki. Mkewe alizikwa Mahajanga, na binti yake wa pekee, Rahamatou, alikuwa anasoma. Kwa hiyo alibeba magunia, akarudi nyumbani, akalala na mabega yanayowaka moto, akaamka akabeba tena. Rahamatou alipofaulu mtihani wa mwisho, serikali ilimpeleka kufundisha kijijini, kama ilivyowapeleka vijana wote wa wakati ule kulitumikia taifa. Kijiji chenyewe kiliitwa Besiriry. Kilikuwa ng'ambo ya msitu, katika nchi ya mabwawa na bata mwitu.

Asubuhi moja, mchuuzi wa samaki wakavu aitwaye Djaanfar, aliyekuwa ametoka Besiriry, alimfuata bandarini.

"Mzee Mchangama, nenda kamchukue mwanao."

"Anaumwa?"

Djaanfar alitazama chini. "Siwezi kusema anaumwa. Anakaa ukingoni mwa bwawa kutwa, miguu majini. Watoto wa shule hawamsogelei tena."

Bakoko aliazima baiskeli ya jirani yake Boinali, baiskeli nzito ya chuma yenye keria pana, akaipakia kwenye lori la mchele lililokuwa likienda bara. Lori lilimshusha pale njia ya changarawe inapoachana na lami.

Kutoka pale hapakuwa na gari hata moja. Kimbunga cha mwaka ule kilikuwa kimevunja daraja la mto wa kwanza, na petroli ilikuwa adimu kuliko dawa. Bakoko alivuka juu ya boriti zilizosalia, baiskeli begani, akapanda tena upande wa pili. Aliniambia hajawahi kuendesha baiskeli mahali pazuri kama pale. Njia ilikuwa tambarare kama mkeka. Msitu ulisimama pande zote mbili, mkavu, wa majani machache, na kila baada ya kitambo miti iliachana, bwawa likaonekana, mayungiyungi yamechanua juu ya maji. Hapakuwa na honi wala moshi. Alisikia tairi likisaga changarawe, na komba wakirukaruka matawini. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, alisema, mwili wake ulipumzika ukiwa kazini.

Alifika Besiriry alasiri. Rahamatou alikuwa amepanga kwa Bi Fatouma, mjane wa Kiislamu ambaye marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Binti alimkimbilia baba yake, akamkumbatia, akalia sana. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa zimelowa maji, nazo zilikuwa bado zimelowa walipokwisha kula, kuswali na kutandika mikeka.

Alfajiri, wakati Rahamatou akifunga mizigo, Bi Fatouma alimvuta Bakoko nyuma ya jiko.

"Baba Rahamatou, alikwenda kufua kwenye bwawa refu. Akaitwa kwa jina lake. Akaitika."

"Nani alimwita?"

"Hatusemi nani." Alikuwa akinong'ona, na jicho lake halikutoka mlangoni. "Tangu siku ile, kuna siku aliyeamka humu ndani ni yeye, na kuna siku si yeye. Leo ni yeye. Mchukue sasa. Ukifika bwawa refu usishuke. Ukisikia unaitwa, usiitike."

"Nitajuaje kama ni yeye?"

"Wewe ndiye baba," alisema Bi Fatouma, akaingia jikoni, akaanza kuosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Waliondoka jua likichomoza. Rahamatou alikaa kwenye keria, na Bakoko akamfunga kwa leso, ikapita kiunoni mwake mwenyewe, ili asianguke usingizi ukimchukua. Walizungumza mambo ya nyumbani: nani amefunga ndoa, nani ameuza nyumba. Kichwa cha binti kilikuwa kimeegemea mgongo wake, na mara mbili tatu alimsikia akicheka. Wakapita bwawa la kwanza, na la pili.

Kabla ya bwawa refu Rahamatou aliomba kwenda haja. Bakoko alisimama. Binti akafungua leso, akaingia nyuma ya miti. Hakukawia. Alirudi kimya, akakaa, akaifunga leso mwenyewe.

Wakaendelea.

Bwawa refu lilikwenda sambamba na njia, upande wa kushoto, likaenda mpaka jicho likachoka. Jua lilikuwa utosini. Hapo ndipo baiskeli ilipoanza kuwa nzito. Bakoko alidhani tairi limepungua upepo. Akaliinamia huku anaendesha. Lilikuwa limejaa. Njia ilikuwa kavu na imenyooka, hakuna kilima, hakuna mchanga. Lakini kila pedali ilimtaka ainuke na kuikanyaga kwa mwili mzima, kana kwamba amepakia magunia mawili.

"Umekaa vizuri, mwanangu?"

"Nimekaa vizuri, Baba."

Akakanyaga. Jasho likamwingia machoni. Bata waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nyuma yake, kutoka majini, mtu akasema:

"Baba."

Ilikuwa sauti ya Rahamatou.

"Baba, umeniacha."

Mikono iliyokuwa kiunoni mwake ikakaza. "Usiitike," ilinong'ona sauti ya mgongoni. Nayo ilikuwa ya Rahamatou.

Bakoko hakugeuka. Alitazama changarawe mbele ya gurudumu. Akakanyaga. Akakanyaga. Hakwenda mbali. Bwawa lilikuwa bado pale, mayungiyungi yale yale, na sauti ilikuwa inamfuata ukingoni, sasa iko karibu.

"Baba, mimi hapa. Nilikwenda haja, nimerudi hukuwepo. Baba, huyo ni nani?"

"Endesha," ilisema sauti ya mgongoni.

Akataka kujua. Baba gani asingetaka? Akasema taratibu, akitazama mbele, kana kwamba anajisemea peke yake: "Marehemu mama yako alikuwa akikuitaje?"

"Kashata," ilisema ya mgongoni.

"Kashata," ilisema ya majini.

Zilitoka pamoja, kama watu wanavyoitikia amina.

Kulikuwa na tofauti moja tu. Yule wa majini alikuwa analia. Yule wa mgongoni hakulia.

Miguu ya Bakoko haikusimama. Alinieleza jambo hili mara nyingi, kama mtu anayetaka kusahihishwa. Hakuamua. Mapaja yalikuwa yanatetemeka, kifua kinachoma, na alijua kwamba akisimama hataweza kuondoka tena pale, yeye na yeyote atakayekuwa naye. Akakanyaga. Kilio kikawa nyuma. Kikawa mbali. Mwishowe kikawa kama mlio wa mbu, kisha bata wakaanza tena kupiga kelele.

Baiskeli ikawa nyepesi.

Hakugeuka mpaka darajani, mahali ambapo hakuna awezaye kupita bila kushuka. Hapo leso ilifunguliwa, akamtazama. Uso ulikuwa wa mwanawe. Kovu la nyusi, pengo dogo la meno ya mbele, vyote vilikuwepo. Nywele zilikuwa kavu. Gauni lilikuwa kavu. Shati la Bakoko tu ndilo lililolowa mgongoni, maji yanachuruzika hadi kwenye suruali, na yalinuka tope.

Yule binti mgonjwa, aliyekonda, aliinua baiskeli ile nzito akaiweka begani, akavuka juu ya boriti bila kuyumba. Akamsubiri upande wa pili.

"Umechoka, Baba," alisema. "Keti wewe nyuma."

Bakoko akaketi. Binti akaendesha. Na yeye, Mungu amsamehe, akauegemea mgongo ule, akalala usingizi mpaka kwenye lami.

Rahamatou hakurudi tena Besiriry. Alinawiri. Alikula vizuri, alicheka, aliswali. Baadaye aliolewa na Youssouf, dereva wa Nosy Be, wakavuka bahari kutoka gati la Antsahampano na vyombo vyao vya ndoa, akaanza maisha mapya kule kisiwani. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Sina la kumlaumu mama yangu. Alitulea kwa mapenzi, hakuwahi kutupiga, na mpaka leo nikiugua yeye ndiye anayekesha. Ila sijawahi kuona chozi lake. Hata siku tulipomzika Bakoko, wanawake wote wa mtaa wakilia, mama yangu alikaa kwenye mkeka na macho makavu, akiwapitishia watu vikombe vya chai. Wapo watu walioumbwa hivyo. Najiambia hivyo.

"Ningekuwa na nguvu siku ile ningesimama," Bakoko aliniambia mara ya mwisho. "Sikumchagua yeyote, mjukuu wangu. Nilikuwa nimechoka tu." Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Na sasa nimechoka na huku kutojua."

Baada ya hitima sikurudi Nosy Be moja kwa moja. Nilipanda gari la abiria mpaka njia panda, nikakodi baiskeli kwa mwenye duka pale. Sikumwambia mama. Daraja lilikuwa limetengenezwa, lakini magari yalikuwa bado hayapiti, na changarawe ilikuwa safi, haina alama ya tairi. Niliendesha katikati ya msitu na mabwawa, upepo mdogo usoni, na nilielewa kwa nini Bakoko aliipenda njia ile. Ilikuwa alasiri nilipolifikia bwawa refu. Halikuwa na ajabu. Maji, mayungiyungi, yangeyange wawili.

Mwanamke mmoja wa Besiriry alikuwa amekuja kuteka maji. Alisimama ukingoni na ndoo yake. Kabla ya kuinama, alitamka maneno fulani upesi upesi, kama mtu anayepiga bismillahi. Hayakuwa Kisakalava, lugha ya watu wa pale.

Nikamsalimu, nikamuuliza amesema nini.

"Hata sisi hatujui, dada," alisema. "Ni maneno ya maji. Wakati wa magharibi bwawa linasema hivyo, kila siku, kwa sauti ya mwanamke. Sisi tunatangulia kuyasema ili lisituulize sisi."

"Yameanza lini?"

Alifikiri. "Nilikuwa na mimba ya binti yangu mkubwa. Ni rika lako."

Nikamwomba ayarudie. Akayarudia polepole. Kilikuwa Kikomoro, kimechakaa mdomoni mwa watu wasiokijua, lakini kilikuwa Kikomoro, na maana yake ilikuwa: "Zalia amekwisha kula?"

Mwanamke akauliza kama naielewa lugha ile. Nikasema siielewi. Nikageuza baiskeli, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kushuka, na sikutaka kuwapo pale swali litakapoulizwa.

Sikuwa nimemtajia mtu yeyote jina langu. Mimi ndiye Zalia.